Hamsini kwa Chaki

Jumamosi. Jua la kaskazi, upepo mkavu, na mimi bado niko kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto.

Leo nimekwenda Chwaka kwa mwendo wa hamsini. Kitabu cha pikipiki yangu mpya kinasema nisivuke hapo kwa kilomita elfu moja za mwanzo, mpaka injini izoee. Nimekitii kuliko nilivyowahi kumtii mtu yeyote. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika.

Kwa sura utadhani ni ya enzi za wazee: taa ya duara, tangi la kijani lililovimba kidogo, kiti kirefu cheusi. Muuza juisi wa Darajani aliniuliza ni fundi gani aliyenifufulia. Haina hata mwezi. Asubuhi mama ameizungushia ubani pande zote, ikabidi nikisogeze chetezo mbali na tangi la mafuta kabla hatujapaa sote wawili. Kisha akafunga kikuba cha asumini kwenye usukani. "Haya, nenda salama," akasema, "na usiwe na haraka ya kufika."

Hakujua nakwenda kwa nani.

Baada ya Dunga barabara ikawa yangu peke yangu. Kwa mwendo ule vitu vinakungoja uvitazame. Mwanamke anaanua khanga. Moshi wa kuni unakatiza njia. Vivuli vinanipita mapajani, kimoja baada ya kingine, na injini inanguruma chini kwa chini, asumini inanukia. Kuna mahali nilisahau kuwa nina miaka thelathini na nne. Nilikuwa nyuma ya baba, shavu mgongoni kwake, kanzu yake inanipigapiga magotini. Pikipiki yake nayo ilikuwa ya kijani. Ndiyo maana nimenunua hii, nikiri tu.

Ile ya baba niliiua mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Fundi Pandu, aliyekuwa na karakana mtaani kwetu, alikuwa ameiwekea pistoni na ringi mpya. Alikuwa na desturi yake: injini ikitoka mikononi mwake ikiwa bado ngeni, aliandika 50 kwa chaki juu ya tangi, na haifutwi mpaka aifute mwenyewe. Ijumaa ile baba alilala baada ya chakula. Nikaifuta chaki kwa ncha ya buibui, nikashika njia ya Kidichi, nikaivuta mpaka themanini. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kila upande na upepo umenijaa masikioni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha injini ikakwama kwa joto, gurudumu la nyuma likakaza.

Nilikaa pembeni mpaka ikapoa. Ikawaka, nikarudi nayo polepole, nikaandika 50 upya kwa chaki ya shule. Kesho yake ikamfia baba njiani. Nani angemfikiria mtoto wa kike? Baba alimwambia Fundi Pandu mbele ya watu kwamba hajui kazi, na hawakusalimiana tena mpaka baba alipofariki. Fundi alifunga karakana akarudi kwao Chwaka. Mimi nikanyamaza kwa miaka kumi na saba mingine.

Leo nimemkuta uani kwake anasuka dema la kuvulia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Huku hakuna anayeniita fundi."

Nilijitaja mimi ni binti wa nani, kisha nikasema yote nikiwa nimesimama, kofia ya pikipiki bado kichwani. Nikamweleza mpaka ile chaki. Aliendelea kusuka kidogo, halafu mikono yake ikasimama.

"Mie nlidhani ringi nlizipima vibaya," alisema. "Ikawa kila nkishika spana naiona ile ya babako. Nikaacha kazi."

Siku zote nilidhani nilimharibia jina tu. Kumbe nilimfanya asiiamini mikono yake mwenyewe. Nililia pale pale, wala sikujizuia. Ningeona afadhali anifukuze.

Hakunifukuza. Aliingia ndani, akatoka na bisibisi yenye kutu, akaniambia niiwashe pikipiki. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesimuliwa habari za kwao.

"Nzima," alisema. "Ishakwenda ngapi?"

"Mia moja na themanini."

"Ikitimia elfu nletee. Oili ntaimwaga mie. Una chaki?"

Mimi ni mwalimu, chaki hainikosi mkobani. Aliandika juu ya tangi tarakimu zile zile, ile tano yenye tumbo kubwa.

Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Mpaka nafika nyumbani zimebaki kilomita mia saba na tisini. Nitazikwenda zote kwa hamsini.

Niliporudi Mpendae mama alikuwa mlangoni, tayari ana kitambaa, anauliza nani kaichafua pikipiki mpya. Mama, ambaye mpaka leo akimtaja Fundi Pandu husonya. Nimemwambia asiifute. Sasa anaswali, na mimi naandika haya ili mkono wangu uzoee maneno. Akimaliza nitamwomba aketi, nianzie pale baba alipolala baada ya chakula.