Mabawa ya Gari la Raiya

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetia dawa ya macho, nimekunywa chai, nimetoka uani na ndoo kuosha gari kama kila Ijumaa. Nimekuta limeshaoshwa. Raiya huyo. Tangu daktari anikataze kuendesha, binti yangu ndiye anayekwenda nalo kazini Ansab na kurudi nalo, mimi nimebaki mwosha gari. Leo hata kuosha nimepokonywa.

Ni kweli nilimpa. Idi iliyopita, mbele ya shangazi zake wote, nilimkabidhi funguo nikasema gari hili sasa ni lako. Wakapiga vigelegele. Mulkiya, ile kadi ya umiliki wa gari, bado ina jina langu, lakini neno nimeshalitoa. Basi sijui kwa nini kila nikikiona kile kiti cha dereva kimesogezwa mbele, roho inanichafuka.

Wakati wa chakula cha mchana akaanza mambo ya mabawa. Mabawa, hapa kwetu, ni yale maplastiki meusi mapana yaliyozunguka juu ya magurudumu. Fundi anayaita rafraf. Niliyafunga mwaka ule niliponunua matairi mapana, ili matairi yasichomoze nje na mawe ya wadini, kwenye yale mabonde makavu ya mito, yasipige bodi. Bila mabawa lile ni gari la kupelekea watoto skuli. Raiya anasema moja limepasuka, na ndani yake yote pamejaa mchanga na chumvi ya pwani ya Qantab, bodi inaliwa na kutu. Anataka kuyavua yote manne na kurudisha matairi membamba. Nikamwambia hapana. Akanyamaza, kule kunyamaza kwa mama yake, ambako si kukubali.

Jumapili, 9 Novemba

Leo kaja na picha kwenye simu. Kutu. Picha chungu nzima za kutu, amejiingiza chini ya gari na tochi kuzipiga. Daktari ana picha za macho yangu, mtoto ana picha za gari langu. Kila mtu ananionyesha kilichooza.

Nilimwambia kutu inapakwa dawa, mabawa hayavuliwi. Akasema dawa haifiki mpaka mabawa yavuliwe. Nikamwambia nimeendesha milima ya nchi hii kabla hajazaliwa. Akasema, "Sawa, baba." Sipendi ile "sawa" yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Kanipigia simu kutoka gereji. Fundi ana nafasi, gari limeshanyanyuliwa, avue au asivue? Nilikuwa kwenye foleni ya dawa, mtu nyuma yangu ananisukuma, namba yangu inaitwa. Nikamwambia, "Haya, shauri yako!" Nikakata.

Wallahi nilisema kwa sauti ile ile ya marehemu mama. Mama akitamka neno lile tulikuwa tunaganda pale tulipo, mguu mmoja hewani. Halihitaji maelezo. Maana yake thubutu uone.

Jumanne, 11 Novemba

Ameyavua.

Jana alichelewa kurudi, mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi nimetoka uani nikaliona. Limesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Matairi membamba, bodi imeingia ndani, matundu ya skrubu yamezibwa na vipira vyeusi. Mabawa manne yameegemezwa ukutani karibu na bomba.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akatoka jikoni na sahani ya halwa, anacheka mpaka meno ya mwisho, akanibusu kichwani. "Shukran, baba. Shukran sana." Shukran ya nini? Amenivunjia amri halafu ananilisha halwa. Nikajikuta nimepokea sahani. Akaenda zake kazini. Akapiga na honi, pi pi, kama harusi.

Halwa sikuigusa. Mchana nimeigusa kidogo.

Jumatano, 12 Novemba

Sisemi naye. Yeye hajui kama sisemi naye, maana anasema peke yake kwa wawili. Gari limekuwa jepesi. Gari halipigi kelele barabara kuu. Kila sentensi gari. Nilitazama televisheni iliyozimwa.

Nimempigia fundi. Nimemwambia Jumamosi aje nyumbani na vifaa vyake, arudishe mabawa. Anasema matundu ya zamani yamelika, skrubu hazitashika, itabidi atoboe mapya pale bodi ilipo bado nzima. Nikamwambia toboa. Mulkiya ina jina langu. Nimetamani Raiya awepo wakati yanarudishwa, aone.

Ndiyo, nimeandika hivyo. Ndivyo nilivyo leo.

Alkhamisi, 13 Novemba

Zuena kanifuata chumbani. Mke wangu akifunga mlango kabla ya kusema, ujue kuna jambo.

"Baba Raiya, n'nakuuliza. Ulimwambia nini yule mtoto kwenye simu?"

Nikamwambia nilichosema. Zuena akakaa kitandani, akajishika kichwa, akaanza kucheka. Kumbe Jumatatu ile ile Raiya alimpigia mama yake mdogo, na Zuena yupo pale kwa mdogo wake, anamsikia Raiya akisema kwa Kiarabu kwamba leo baba kaniachia niamue mwenyewe. Mara ya mwanzo tangu nizaliwe. Mtoto anasema hivyo huku analia.

Shauri. Yako. Kayachukua maneno mawili kama yalivyo: uamuzi ni wako. Kwake yeye ni ile "bikefish" ya Kiarabu anayoambiwa na rafiki zake, fanya upendavyo. Mtoto wa Kizanzibari, babu zake pande zote mbili, kwa kuzaliwa tu nchi ya Kiarabu hajui shauri yako! Anaandika ripoti kwa lugha mbili, anaagiza kahawa kwa ya tatu, na neno ambalo hata paka wa mama yangu alilielewa yeye hana habari nalo. Nilipandwa na hasira nikazunguka chumba. Nimeikasirikia skuli. Nimemkasirikia Zuena kwa kucheka. Nimeikasirikia simu.

Zuena akangoja nimalize. Kisha akasema, "Basi kamwambie. Mwite umwambie hukumwachia kitu, ulikuwa ukimtisha tu. Halafu fundi aje atoboe."

Akafungua mlango akatoka. Nimekaa hapa tangu wakati ule. Nikiyarudisha mabawa, lazima nimwambie. Nikimwambia, kile anachodhani nimempa nakichukua, na gari pia, hata akibaki na funguo. Nimekasirika zaidi kuliko jana, kwa sababu jana hasira ilikuwa na pa kwenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala nimemkuta Raiya uani, yuko chini kwenye mkeka, anasugua kutu juu ya gurudumu la nyuma kwa msasa. Vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Pale bawa lilipokuwa, bati limelika, kidole kinapita. Amenionyesha. Nimepitisha kidole.

Akaniuliza, "Baba, umeudhika?"

Nikasema macho yananiuma.

Nimeingia ndani nikampigia fundi. Nimemwambia kesho asije. Akauliza aje lini. Nikasema asije kabisa, na nikamkatia kabla hajauliza tena.

Sijatulia hata kidogo. Bado naona lile gari halina sura. Bado naona angeniuliza mara ya pili, mtu mwenye adabu huuliza mara mbili. Nitakufa nikisema lilipendeza na mabawa. Lakini nitasema humu daftarini, kwake sitasema. Na shauri yako, maana yake sitamfundisha. Zuena nimemwapisha asimwambie.

Jumatatu, 17 Novemba

Mabawa bado yako ukutani. Zuena keshaanza kuanikia matambara juu yake. 

Jumamosi, 22 Novemba

Tumekwenda Qantab, sote watatu. Raiya aliendesha. Zuena kakaa nyuma, kaniachia kiti cha mbele. Nilizunguka gari kwa mazoea hadi mlango wa kushoto, wa dereva, nikakuta binti yangu keshaingia. Nikarudi upande wa pili.

Sikuwahi kukaa kiti kile. Mkanda wake unakwama, nikauvuta na kuuvuta, mpaka Zuena akasema kutoka nyuma, uachie kwanza, halafu uvute polepole. Jua la upande ule linapiga usoni moja kwa moja. Raiya hakutia muziki. Anashika usukani kwa mikono miwili.

Kwenye mteremko wa Qantab, pale barabara inapokata kona na bahari inatokea ghafla, mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki. Hapakuwa na breki. Raiya aliona, akapunguza mwendo.

Zuena akasema hiyo breki ameikanyaga yeye miaka yote.

Tukashuka polepole mpaka chini.