Ukuta Uliopigwa Plasta

Shoga, wamepiga plasta ule ukuta wa nyuma ya maabara. Ukuta wa mijusi wangu.

Unajua hawatoki nyufani mpaka jua liwapashe moto. Fundi kaanza alfajiri. Aliyewahi kutoka ni dume peke yake, na kile kichwa chake chekundu kimepauka kama udongo.

Fundi ananiambia, "Dada, si ukuta umependeza?" Nikajibu umependeza. Miaka mitatu ya utafiti, nami najibu umependeza.

Kisha nikachukua mwiko wake, nikaanza kubandua. Akauliza kuna nini humo. Nikamwambia, "Majike kumi na mmoja." Akaja kubandua upande wa pili.

Tumetoa wanne, wazima. Silii, shoga. Sisikii chochote moyoni. Ngoja nirudi ukutani.