Kidole Gumba kwenye Taya la Kolekole

Shangazi Nilima, salamu nyingi kutoka kisiwani. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na ukifika mwisho ukaniona mtu mbaya, basi niambie hivyo, lakini niambie na la kufanya.

Mimi ni nahodha wa boti ya kukodi, nawapeleka wageni wanaovua kwa starehe, huu mwaka wa kumi na moja. Wewe tunakusikiliza kila Alhamisi asubuhi tukitoka, kwa sababu kijijini kwetu kilima kinaziba redio isishike, ila ukishapita mdomo wa ghuba sauti yako inakuja safi, na wanaobaki nchi kavu, pamoja na wenye nyavu wanaovua humuhumu ndani ya ghuba, hukusoma gazetini siku ya Ijumaa feri ya mchana ikishafika. Wageni wetu samaki hawamli. Wanamtaka kolekole mkubwa, yule wa kilo thelathini kwenda juu, wamdanganye kwa chambo cha mti kinachoruka juu ya maji, wapigane naye mpaka mikono itetemeke, wapige naye picha kisha wamrudishe baharini, na kazi yangu ni kuwafikisha kwenye samaki na kuhakikisha samaki anarudi nyumbani akiwa mzima.

Kolekole wakubwa wanakaa kwenye mwamba mmoja tunaouita Mgongo wa Nyati, na miaka mitatu iliyopita mwamba ule ulikuwa wa wavuvi wa kijijini, wenye nyavu saba, na mkubwa wao ni Bhabatosh, kaka wa mke wangu Shefali. Mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba waache kutega pale, nikawaambia samaki aliye hai atawaletea wageni kila mwaka na wageni wataleta kazi, nao wakanicheka, Bhabatosh akasema, "Kwa hiyo shemeji, sisi tulale na njaa ili samaki apigwe picha?" Lakini tulibishana wiki mbili, mwishoni wakakubali kwa sharti kwamba niape, nami nikaapa uani kwa Bhabatosh mbele ya watu wote, mkono wangu ukiwa kichwani kwa binti yake Tuku ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, nikasema samaki wa Mgongo wa Nyati hatakufa mkononi mwangu, na akifa nitakuwa wa kwanza kusema. Unajua kwetu, Shangazi, mkono ukishawekwa kichwani kwa mtoto hakuna haja ya kutaja adhabu.

Na kiapo nilikitunza kweli, kwa sababu nina njia yangu ambayo sikufundishwa na mtu. Samaki akitolewa majini na mimi nabana pumzi. Nikihisi kifua kinataka kupasuka, basi na yeye amechoka, nasema "basi" na anarudi, awe amepigwa picha au hajapigwa. Wageni wananiona kichaa lakini miaka mitatu hakufa hata mmoja, na kila mwanzo wa msimu naenda kijijini na sinia la peremende za maziwa nawaambia hakufa, nao wanakula na kunitania kwamba watakufa wao kwa njaa kabla ya samaki.

Safari ya kwanza ya msimu huu, wiki moja baada ya sikukuu ya mungu wa kike Kali, bahari ikiwa imetulia baada ya mvua, kati ya wageni wangu alikuwemo daktari mmoja wa meno kutoka Bengaluru, ametimiza miaka hamsini na safari ni zawadi yake, mtu mzuri wala si mkorofi. Alikuwa ametapika asubuhi yote. Saa tisa alasiri akanasa kolekole ambaye sijawahi kuona mfano wake, tukapigana naye dakika arobaini, na tulipompandisha mgeni alikuwa analia machozi. Nikabana pumzi. Picha ya kwanza, ya pili, akasema, "Nahodha, moja tu tena, nilikuwa na miwani ya jua usoni! Mke wangu atasema nimemkodi mtu." Tukacheka wote, na kwenye kucheka nikavuta pumzi. Akavua miwani. Halafu akataka amwinue mwenyewe, akaingiza vidole kwenye mashavu ya samaki nikasikia kitu kinachanika, na mwenzangu wa botini, mzee Appalaswami, ambaye hasemagi, akaniambia, "Nahodha, umepumua."

Nikamwambia, "Funga mdomo, shika mkia."

Nilivuta pumzi mara nne, Shangazi, nilizihesabu. Tulipomrudisha nilimshika mkia nikamsukuma mbele maji yapite mdomoni, akaenda kidogo, akalala ubavu, nikaona tumbo lake jeupe linageuka kule chini, nami nikainuka nikawaambia wageni, "Ameondoka salama," wakapiga makofi, nikawasha injini.

Alfajiri kina mama wanaookota kaa walimkuta ufukweni. Bhabatosh akamkata kichwa, akakifunga kwenye jani la mgomba, akaja nacho kwangu nikiwa nakunywa chai, akaingia na utani wake kama kawaida, "Haya mganga wa samaki, mgonjwa wako huyu hapa, mpime utuambie kafa kwa nini." Nikakipokea kichwa. Kwenye pembe ya taya palikuwa na tundu moja la mviringo, safi, la ndoana isiyo na kijino cha kumzuia samaki kuchomoka, na kisiwani kwetu hakuna anayetumia ndoana ya namna ile isipokuwa boti yangu. Bhabatosh ni mtu wa nyavu tangu azaliwe, yeye alikuwa anatazama mashavu yaliyochanika. Mimi nikaweka kidole gumba juu ya lile tundu, nikakigeuza kichwa huku na huku, nikasema, "Wavu."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Nawajua kuliko wewe."

Akamwachia dada yake kile kichwa, na Shefali akakipika kwa haradali, mchana tukakila.

Siku nne baadaye Tuku akashikwa na homa kali, akapelekwa zahanati, bibi yake akawa anazunguka uani anasema kuna mtu amevunja neno na mtoto ndiye anayelipa, nami kila nikisikia hivyo nasukuma sahani pembeni, Shefali ananiuliza nina nini namwambia ni jua. Mtoto amepona sasa, anakwenda shule, lakini nikimwona njiani napita upande mwingine. Najiuliza homa itarudi? Nimesikia kuna kuhani mjini anaweza kukifungua kiapo kwa ibada bila kutaja kilichotendeka, na sijui kama inafaa, na hilo ndilo ninalotaka unishauri.

Jambo jingine ni kwamba kijijini wamesema mwizi aliyetega mwambani ni Nitai, mmoja wa wale saba, kwa sababu yeye ndiye mwenye wavu mpya, wamemnyang'anya huo wavu na hakuna anayemsaidia kuvuta boti yake nchi kavu, na boti ile inataka watu sita. Jumamosi kuna kikao cha kumwondoa kwenye kundi la wavuvi. Nikisema ukweli wavuvi watarudi kutega Mgongo wa Nyati, wageni hawatakuja, mwenye boti atanifukuza, Appalaswami naye atakosa kazi, na Shefali atakuwa katikati yangu na kaka yake. Nikinyamaza, yote yanabaki kama yalivyo. Nisaidie, Shangazi, sina mtu mwingine wa kumwambia.

Nahodha asiyelala

*

Nahodha,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Nimeandika habari za mahakama miaka ishirini na sita kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, na nimejifunza kutazama mahali mtu anapoweka jambo lake. Wewe umeniuliza kuhusu mtoto. Nitai umemweka chini kabisa, chini ya kuhani, baada ya maneno "jambo jingine", kama mtu aliyefika nyumbani akakumbuka kwamba alisahau mwavuli kwenye feri. Tutaanza na Nitai.

Lakini kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Homa ya Tuku imetoka kwa mbu. Mvua zimeisha juzi, madimbwi yamejaa, na wiki ileile zahanati zote za pwani hiyo zilikuwa na watoto wenye homa. Nilipiga simu nikauliza. Mtoto ametibiwa na amepona. Acha kumkwepa njiani, atadhani amekukosea. Na kuhani mwache. Anayekuuzia ibada ya kufungua jambo bila kulitaja anakuuzia ukimya, na huo tayari unao wa kutosha.

Samaki naye nakusamehe nusu. Ulichekeshwa, ukapumua. Mgeni alikuwa analia kwa furaha na wewe si jiwe. Ulipoambiwa na mzee mwenye busara kuliko wewe kwamba umepumua, ukamwambia afunge mdomo. Hapo kuna kosa, kosa la dakika moja la mtu mwenye kazi ngumu, na ungekwenda kijijini jioni ileile na sinia la peremende ukasema, "Huyu amenifia," wangekutukana mpaka usiku, kisha wangekula peremende.

Soma tena kiapo chako, umekiandika mwenyewe. Hukuapa tu kwamba hatakufa. Uliapa kwamba akifa utakuwa wa kwanza kusema. Watu wale saba hawakuwa wajinga. Walijua samaki hufa. Walichokitaka kwako ni hicho cha pili, na hicho ndicho ulichokifunika kwa kidole gumba. Kisha ukakila kwa haradali.

Sasa Nitai. Nilimtuma mwandishi wetu wa huko aende akamtazame, bila kumwambia kwa nini. Boti yake imefungwa majini siku ya kumi na mbili. Kila maji yakijaa inagonga mawe, mbao mbili za ubavuni zimeachia. Yeye anakaa ufukweni anayatoa maji kwa kopo. Wanaume walipopita kwenda kwenye boti zao aliwaita, "Jamani, mwizi wenu huyu hapa! Njooni mnivutie boti kwanza, kunichukia mtaendelea nako kesho!" Hakuna aliyegeuka. Mmoja alicheka. Mwandishi wangu anasema mmoja wa waliopita alikuwa amevaa kofia ya boti ya wageni. Sikuuliza jina lake.

Unasema ukinyamaza, yote yanabaki kama yalivyo. Hivi ndivyo yalivyo.

Hofu zako nyingine ni za kweli na sitakudanganya. Huenda mwenye boti akakufukuza. Huenda Bhabatosh asikanyage kwako mwaka mzima, na Shefali atalia, tena atalia zaidi kwa kuwa alipika yeye. Huenda wakarudisha nyavu kwenye Mgongo wa Nyati. Lakini nakuuliza, mwamba huo unalindwa na nini? Si na ndoana yako isiyo na kijino. Unalindwa na watu saba wanaoamini kwamba akifa mmoja wataambiwa. Wakimwondoa Nitai watabaki sita, wakilinda mwamba kwa ajili ya mtu aliyewadanganya, na siku watakapojua, na watajua maana Appalaswami ana macho, hawatarudisha nyavu tu. Watakuja na hasira.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo ghairi safari. Kama una wageni botini, warudishe, waambie injini ina hitilafu. Uongo mmoja zaidi hautakuua. Nenda kwa Shefali kwanza, umwambie yote, na kichwa kile pia. Usimwombe akuombee kwa kaka yake. Kisha nenda kwa Bhabatosh, peke yako, mchukue umpeleke kwa Nitai, na useme mbele ya Nitai, si nyuma yake. Sema "nilipumua mara nne", sema "niliziba tundu". Usitaje miwani ya daktari, wala machozi yake, wala umri wake. Usiseme "bahati mbaya". Chukua ndoana moja uwaonyeshe. Kisha ingia majini mpaka kiunoni ushike ile boti upande wa mbao zilizoachia. Wakija watano wengine, vizuri. Wasipokuja, ishikilie hivyohivyo isigonge.

Jumamosi kaa kwenye kikao upokee watakachokupa. Msimu ujao, ukiwa bado una boti, mpe Appalaswami ruhusa ya kusema "basi", na akisema uwe umesikia.

Neno la mwisho. Barua hii naisoma redioni leo Alhamisi, na wewe unanisikia kwa sababu uko nje ya ghuba. Jina la mwamba nimelibadilisha, na ya watu nimeyabadilisha yote, hata la mtoto. Kidole gumba ningeweza kukiondoa pia, na jani la mgomba, na ile "mganga wa samaki". Nimeviacha. Kesho gazeti litashuka na feri ya mchana, na wenye nyavu, kama ulivyoniambia mwenyewe, hunisoma humo, na shemeji yako atayatambua maneno yake.

Geuza boti.

Shangazi Nilima