Chai ya Fundi Odongo

Migori, Jumanne, 1967

Chai tena! Mwaka mzima niko gereji ya Fundi Odongo, na kila akitaka kurekebisha valvu ananituma chai. Nikirudi, injini inanguruma, naye anapangusa mikono.

Leo alikuwa ametoka. Akaja dereva wa lori la samaki kutoka Karungu, injini inakohoa, samaki wanaanza kunuka. "Omera, ndugu yangu, rekebisha hizo valvu niende." Nikafungua kifuniko, nikabaki nimeshika spana tu. Sikujua nianzie wapi. Mimi, baba wa watoto wawili!

Odongo aliporudi nikamuuliza mbele ya dereva, "Fundi, utanifundisha lini?"

Akacheka. "Hata mimi nilimnunulia fundi wangu chai miaka minne." Kisha akainamia lile lori, akaninyooshea birika.

Nikaenda. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilienda.

Naogopa nitazeeka nikijua njia ya hotelini tu. Lakini nimeshamwambia mama watoto achemshe chai asubuhi, ajaze chupa yetu kubwa ya moto, nije nayo gereji. Kesho Odongo akiinamia valvu, chai itakuwa pale kando yake. Na mimi pia.