Mama Halishwi kwa Simu

Mdogo wangu Beno,

Barua hii naiweka kwenye grupu la ukoo makusudi, wajomba na mashangazi nao waisome. Nikikuandikia peke yako unanijibu kwa picha ya dole gumba, na mimi dole gumba nimelichoka.

Unaikumbuka ile likizo ya chuo uliponunua perege na kambale kule mtoni, ujifunze kupima vilivyomo matumboni mwao? Uliwaacha kwenye beseni ukaenda kumsalimia baba mkubwa kule Katindiuka. Uliporudi, mama alikuwa ameshawapasua, amewapaka ndimu, wako jikoni, na matumbo yote yameliwa na bata. Ulishika kichwa. Yeye akakushangaa: "We mtoto, samaki ashinde na utumbo ndani, tumekuwa wachafu lini sisi?" Kwa mtu aliyezaliwa kando ya Kilombero, utumbo hutoka hata kabla ya salamu. Tulicheka mpaka machozi, nawe ukala masomo yako kwa wali.

Siku hiyo ulitufundisha vizuri, sikatai. Ulisema ninyi mnaosomea viumbe wa bahari hamlazimiki kumuua mnyama kila mara. Kasa mnamwosha tumbo kwa maji, mnaona majani aliyokula, mnamwachia aende zake. Papa mnamkata kipande kidogo cha nyama mnakipeleka maabara. Mama akauliza kwa nini msumbuke na nyama wakati tumbo lipo. Ukamjibu, "Mama, tumbo linaonyesha mlo wa mwisho tu. Alichokula miezi yote kimejengeka mwilini." Alijivunia jibu lile, akawasimulia hata wenye maduka sokoni.

Sasa wewe mwenye elimu hiyo, kila ukipiga simu unauliza nini? "Mama, umekula?" Naye anasema, "Nimekula, baba." Unaridhika, unarudi kwa papa wako. Hujui kwamba simu ikiita ananiashiria nimpe tonge moja la wali, alimeze kwanza ndipo apokee, asije akamdanganya mwanawe. Mara nyingi tonge hilo ndilo chakula chake cha kutwa. Sahani inarudi jikoni.

Mwili wake ungekuambia ukweli, lakini mwili haupigi simu. Gauni lake la jumuiya linamvuka mabega. Nikimwogesha naziona mbavu. Hospitali wamempima, hawakuona ugonjwa. Daktari akauliza kama ana jambo moyoni. Analo, ni wewe. Tangu tumzike baba hujakanyaga hapa. Nikimlazimisha kula ananiambia, "Beno akija nitakula naye."

Nina hasira, Beno. Nimempikia uji, mlenda, ndizi. Nimebembeleza, nimegombana naye, nikaenda kulilia jikoni. Halafu wewe unatutumia picha ya kasa aliyeshiba.

Usinieleze habari za msimu wa utafiti. Papa watakula tu, uwepo usiwepo. Panda basi uje ukae naye mkekani, mle sahani moja. Ukisubiri likizo, wali utakaoukuta hapa nyumbani utakuwa umepikwa kwenye masufuria ya msiba.

Ni mimi dada yako, niliyebaki na mama