Ukuta Ulioujenga Baada ya Ushindi

Barking, London
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Anaeli,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu, na naanza kuuliza hali ya goti lako la kushoto kabla sijagusa jambo litakalokukasirisha. Linakuruhusu kupanda mlima bado? Mimi ni mzima. Presha imetulia, maana binti yangu Aika akirudi kutoka hospitali hunipima kabla hajavua koti. Mjukuu wangu anaelewa kila neno la Kiswahili ninalomwambia, na kila neno ananijibu kwa Kiingereza. Basi hizo ndizo habari njema.

Sasa nakuja kwenye hasira yangu. Nitaieleza polepole, kwa sababu nilifundisha historia hadi nikastaafu na sijui kukasirika bila ubao.

Kila Alhamisi wazee wa mtaa huu tunakutana maktabani kuzungumzia historia. Juma lililopita mada ilikuwa mwisho wa Vita Kuu ya Pili, jinsi walioshinda pamoja walivyogeuka mahasimu. Kijana anayetuongoza alitundika ramani ya dunia, Marekani na wenzake bluu, Urusi na wenzake nyekundu. Nikaitafuta Afrika. Haikuwepo! Ilikuwa imefunikwa na karatasi ya kueleza maana ya rangi. Baba yetu alikanyaga matope ya Burma akiwa na sare ya mfalme wa watu hawa, akarudi na malaria isiyokwisha na koti moja zito, na leo bara lake zima ni mahali pa kubandikia maelezo. Nikanyoosha mkono.

"Kijana wangu," nikamwambia, "karatasi yako imemkalia baba yangu."

Akaomba radhi, akaihamishia baharini, kisha akaniomba niendelee mimi. Nikaendelea, na wewe nakueleza vilevile, usome hadi mwisho.

Wamarekani, Warusi na Waingereza hawakuunganishwa na upendo, Anaeli. Waliunganishwa na adui. Kwa Warusi vita vilipiganwa juu ya ardhi yao wenyewe, vijiji vikateketea, wakazika watu wasio na idadi. Vita vilipokwisha walitaka majirani wanaowatii, ili asiwapitie mtu tena. Wamarekani nyumba zao hazikuguswa, viwanda vyao vilikuwa vinanguruma, na mkononi walikuwa na bomu ambalo siri yake hawakumpa mwenzao. Mwingereza alibaki na nishani, akapanga foleni ya mkate. Askari walipokutana kule mtoni Ujerumani walikumbatiana na kugawana sigara. Ila wakubwa wao walikuwa wameyaahirisha maswali magumu. Jiji la Berlin wakaligawa vipande, wakasema ni kwa muda tu. Kisha kila mmoja akaanza kujilinda, na kila alichojenga huyu kwa kujilinda, yule alikiona ni shambulio. Wala hawakupigana uwani kwao. Walikwenda kupigana kwenye nyua za watu.

Hapo Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayemtunza bibi mmoja wa kundi letu, akaniinamia na kuniambia kwa Kiswahili chao, "Mzee, hiyo vita munaita ya baridi, kwetu ilikuwa moto. Sisi ndiyo tulikuwa kuni."

Nilikuwa bado naitafakari kauli hiyo simu ilipolia. Ndeshi, dada yetu, alikuwa amenitumia picha. Ukuta wa tofali, mrefu kuliko mtu, umepandwa vipande vya chupa juu.

Mama Furaha akachungulia. "Hii ndiyo Berlin?"

"Hapana, mama. Hii ni nyumbani kwa baba yangu."

"Ee! Na adui ni nani huko?"

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani. Mimi, mwalimu!

Anaeli, hebu nijibie wewe. Yule tajiri alipokuja na hati ya kughushi akidai kihamba chetu, shamba la migomba walikozikwa Baba na babu, ni nani alisimama nawe? Elisante, kitinda mimba wetu. Alipanda na kushuka vilima kutafuta mashahidi wakati wewe umelazwa na goti. Miaka sita mlikaa benchi moja pale baraza la ardhi. Siku ya hukumu mlikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, katika kata moja, mkanipigia simu mkilia na kucheka. Mvua mbili hazijapita, umeng'oa masale aliyopanda Baba kwa mkono wake kuonyesha mpaka, ukamwaga zege la ukuta huo! Naye Elisante, mpumbavu mwenzako, ameziba mfereji huko juu ili migomba yako ikauke. Na Ndeshi, mjane, nyumba yake iko katikati. Anazunguka hadi barabarani kutafuta ndoo ya maji, na kila mmoja wenu anamuuliza yuko upande gani. Dada yenu ndiye kuni.

Nimekasirika kiasi cha kushindwa kumaliza chai. Lakini nikimaliza kukukaripia wewe, somo langu mwenyewe linanigeukia. Siku ile ya ushindi uliniuliza kwenye simu, "Kaka, sasa tugawane vipi?" Mimi, mzaliwa wa kwanza, ambaye neno lake lingetosha, nikajibu, "Furahini kwanza, tutapanga baadaye." Niliahirisha swali gumu, kama wale wakubwa. Ukuta huo una tofali langu.

Kwa hiyo fungua bahasha vizuri. Kuna duka la Wahindi kule Kingsbury, mwenyewe kazaliwa Moshi, na mlangoni anauza sale kwenye chungu, eti pambo la sebuleni. Nilicheka peke yangu pale njiani, nikalinunua. Nimekata jani moja, nikalifunga fundo. Litakufikia limekauka, lakini ni sale. Nakuomba msamaha, mdogo wangu, kwa kuwaacha bila neno. Unajua desturi yetu: aliyeletewa sale kuombwa msamaha hakatai, hata kama moyo unawaka.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, aliyelisha mashahidi wote wale. Nisalimie dada yetu Ndeshi, mwambie picha yake niliiona. Nisalimie mchungaji aliyemzika Baba, kama bado anasikia vizuri.

Elisante sikutumii salamu zake, wala jani lake silitumi. La kwake utalikata mwenyewe, umpelekee. Sale halifi kwa kung'olewa mara moja, unalijua hilo kuliko mimi. Zunguka nyuma ya ukuta wako, utafute lililochipua.

Ni mimi kaka yako, mwenye tofali moja ukutani,
Elifuraha