Namba Ishirini Mara Mbili

Baba Nekesa,

Acha niseme mapema kabla sijaanza kuzunguka. Jana nilisimama mbele ya watu nikasema ulikosea. Tangu hapo chakula hakipiti.

Unaikumbuka ile kliniki ya Kilimani, jengo la zamani na lile jipya la nyuma? Ndipo uliponifundisha kazi, nikiwa bado nashika bisibisi kama mwiko. Mashine za jengo la zamani zina mtandao wake, za jengo jipya zina wake, na kila mtandao una ruta, kisanduku kinachobeba ujumbe kwenda na kutoka mtandao mwingine. Ulikuwa ukinimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi na kusema, "Mwende, kila mtandao na namba yake. Zikifanana, ujumbe utapotea na hakuna mtu atajua."

Basi, Jumanne stima ilipotea. Iliporudi, friji kubwa ya chanjo kwenye jengo jipya haikuwaka. Skrini ya mlinzi, inayoonyesha hali ya mashine zote, ilipaswa kulia. Haikulia. Ni nesi aliyeingia kuchukua chanjo ya mtoto akasikia joto, akaita wenzake, wakazihamisha mbio. Hazikuharibika, Mungu asifiwe.

Meneja akamgeukia Kioko, fundi wetu wa umeme, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa ameshika nyaya za pale. Kisha akaniambia, "Huyu mtu wako ameharibu. Aende nyumbani." Kioko alisimama akijipangusa mikono isiyokuwa na uchafu.

Niliomba nipewe siku moja. Nikafungua ruta ya friji: mtandao namba ishirini. Nikavuka hadi jengo la zamani, nikafungua ruta ya pampu za maji: ishirini. Miezi yote tangu jengo jipya liunganishwe tulikuwa tunapona kwa bahati tu. Stima iliporudi, ruta ya pampu ikawa ya mwisho kujitangaza kuwa ndiyo ishirini, na kila swali la namba ishirini likapelekwa kwake. Skrini ikawa inauliza hali ya friji, swali linaishia kwa pampu, nayo skrini ikabaki kuonyesha jibu la zamani kwamba kila kitu ni sawa.

Ndani ya mlango wa kabati la ruta la jengo jipya, namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi. Ile mbili yako yenye mkia mrefu.

Nilikaa sakafuni, Baba Nekesa. Uliiandika katika zile wiki ulizokuwa ukitoka kwa daktari na kuja kazini moja kwa moja, mkono unatetemeka. Niliponyoosha wangu nikusaidie ulisema, "Wacha, naweza." Nikakuacha. Sikupitia ulichofanya. Nani angethubutu kukagua kazi yako?

Ningeweza kubadilisha ile namba na kunyamaza. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini Kioko alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake. Nikaibadilisha, nikajaribu kuzima na kuwasha friji mara tatu, skrini ikalia kila mara. Kisha nikaenda kwa meneja nikamwambia mbele ya wote: si Kioko. Ni mwalimu wangu, akiwa mgonjwa, na mimi niliyepaswa kumkagua. Kioko amebaki.

Kutoka hapo nilienda nyumbani kwako Satellite, Mama Nekesa asisikie kwa watu wengine. Alikuwa anachambua mboga. Nilimweleza yote nikilia. Akasukuma mboga kando, akasema, "Ungemwacha huyo kijana afukuzwe, Baba Nekesa hangekusamehe. Sasa kula." Nikashindwa kula. Akanifungia kwenye mkebe.

Samahani. Nakukumbuka sana tangu tukuzike, hata leo nikiwa nimekukasirikia kwa kutosema kwamba huwezi.

Nekesa anaingia chuo cha ufundi mwezi ujao, kozi ileile yetu. Nimemwahidi mamake, na sasa nakuahidi wewe: nitamfundisha kazi yako yote, na kosa lako pia nitamwonyesha, nimwambie ni la babake, na jinsi babake alivyokuwa mtu mzuri.

Lala salama, Baba Nekesa.

Wako,
Mwende